Ngazi Iliyopinda Kushoto

Mwalimu wetu wa biolojia alikuwa na kitabu kimoja, na ukurasa wenye picha ya DNA ulikuwa umechanwa. Aliyemtangulia, Mhindi, alifungasha virago Wahindi wenzake walipofukuzwa nchini, na vifaa vingi vya maabara vilitoweka vile vile. Kwa hiyo huyu mpya alitufundisha kwa mikono yake mitupu, akisokota hewa mbele ya ubao.

Alisema ndani ya kila seli mna uzi mrefu kuliko mtu, nao umeenea kwenye kiini kisichoonekana kwa macho. Uzi wenyewe ni ngazi iliyosokotwa: pande mbili zimeshikana kwa vidato, mmoja ukipanda mwingine ukishuka. Halafu huzungushwa kwenye vijipande vya protini mithili ya shanga, ukajikunja na kujikunja tena mpaka ukaingia wote. Tukaambiwa kila mmoja atengeneze ngazi hiyo kwa chochote atakachopata. Mwenye iliyo sahihi angesimama siku ya wageni aieleze mbele ya wazazi.

Nilijua papo hapo kwamba ni mimi. Mama yangu alisuka kawa za kufunikia chakula, na mikono yangu ilijua kusokota tangu utotoni. Nilimwona tayari amekaa safu ya mbele, ananisikiliza. Nani darasani angeniweza? Jibu lilikuwa dawati la pili, linachonga penseli.

Alikuwa ndugu yangu wa baba. Mama yake, mke mdogo, alifariki kabla hatujaanza shule, naye akaletwa kwetu Nateete na magauni mawili na mto wake. Baba tulimgawana bila ugomvi, maana alikuwa dereva jeshini na hakumtosha hata mtu mmoja. Kumgawana mama ndiko kulikoniuma. Jioni alipotandika mkeka asuke, yule alikaa ubavuni kwake, bega kwa bega. Mimi niliwekwa mbele yake, ng'ambo ya majani ya kusukia. Miaka yote tulikaa hivyo, nikilitazama bega lile lilivyoegemea la mama, na moyo ukinichoma. Ningesema nini, na yeye ni yatima?

Darasani tulikuwa Wanubi wawili tu. Enzi hizo watu wetu walihesabiwa kuwa wa wakubwa wa jeshi, na wenzetu walikatiza mazungumzo tukipita. Kwa hiyo hata wivu wangu sikuwa na wa kumwambia isipokuwa yeye mwenyewe. Mchana tulikula mihogo yetu katika karatasi moja, nami nikimwonea gere kwa kila tonge.

Uzi wa dukani ulikuwa umeadimika pamoja na sukari na sabuni. Nilifumua gunia, nikapaka upande mmoja rangi nyekundu ya mama ya kutilia majani, na vidato nikakata vijiti vya ufagio. Yeye alitumia majani ya kusukia, na kilichonikera ni kwamba mama alimshikia ncha moja wakati anasokota. Ya kwangu ilikuwa nzuri zaidi. Nasema hivyo hata leo.

Mwalimu naye aliona. Aliiinua mbele ya darasa, akaigeuza juu chini, akaitazama tena.

"Umesokota vizuri sana, nyabo," alisema, akiniita bibie kwa lugha yake, "lakini hii inakwenda kushoto. Ile ya mwilini inakwenda kulia. Uigeuze namna yoyote, itabaki ya kushoto."

Niliigeuza. Ilibaki ya kushoto. Ya ndugu yangu ilikwenda kulia.

Nikaitazama mikono yangu, nikaelewa. Nilijifunza nikiwa nimeelekeana na mama. Mkono wake wa kulia uliangaliana na wangu wa kushoto, nami nilifuata nilichokiona. Aliyekaa ubavuni alifuata mkono kwa mkono. Nafasi aliyoninyang'anya mkekani ilikuwa imenifuata mpaka maabara.

Siku ya wageni mama alikaa safu ya mbele kweli, na nguo yake ya sikukuu. Ndugu yangu aliifungua ngazi katikati, akaeleza jinsi seli inavyonakili uzi wake kabla ya kugawanyika: pande zikiachana, kila mmoja hujengewa mwenzake mpya mbele yake, wa kushikana naye, na zikatoka ngazi mbili, kila moja ina upande mmoja wa zamani. Nilimwombea kigugumizi. Hakikuja. Mama alipiga makofi kuliko wazazi wote.

Jioni, mkeka ulipotandikwa, sikuweza tena kunyamaza.

"Mama, kwa nini ye' unamukalisha hapo kwako, na mimi unaniweka huku?"

Mikono yake haikusimama. "Alipokuja, akiniangalia usoni analia tu. Alikuwa anatafuta uso ya mama yake, haioni. Nikamuweka pembeni asinione." Akavuta jani jingine. "Wewe nilikuweka hapo nikuone."

Ndugu yangu alikuwa pale pale ubavuni, amesikia yote. Vidole vyake vikaacha kazi. Aligeuza kichwa taratibu kumtafuta mama usoni, na kutoka alipokaa aliona sikio na shavu tu.