Udongo wa Stesheni ya Kajiado

Kila likizo ya Agosti baba alitupeleka kuona mahali pa zamani. Majirani zetu wa Kitengela waliwapeleka watoto wao kuogelea na kula chipsi. Sisi tulipelekwa Olorgesailie kutazama mawe yaliyochongwa na watu wasiojulikana, na mwaka uliofuata nyumba ya mzungu fulani iliyobaki kuta tu. Lakini kila safari, hata ikiwa njia ilikuwa nyingine kabisa, ilipitia stesheni ya zamani ya reli mjini Kajiado. Mama alimimina chai, mimi na dada yangu tukamenya mayai ya kuchemsha, na baba akatembea peke yake kando ya reli, mikono mgongoni, akitazama chini.

Baba ni mwalimu wa shule ya msingi, kwa hiyo tukirudi nyumbani tulimwandikia nusu ukurasa kuhusu tulichoona. Mwaka mmoja niliandika kwamba stesheni ni kuukuu na hakuna kitu. Alinipa mbili kwa kumi bila kueleza kosa.

Nilikuwa kidato cha pili mama aliponieleza. Babu alitoka Bungoma kuja kufanya kazi ya reli, akafa baba akiwa bado ananyonya. Mwenzake wa kazi ndiye aliyepeleka habari nyumbani: amezikwa nyuma ya stesheni, Kajiado. Mwili haukurudi, kwa hiyo wazee walifanya inavyofanywa kwetu, wakazika shina la mgomba mahali pake. Nyanya aliishi na kaburi hilo mbele ya mlango wake maisha yake yote. Ombi lake kwa baba lilikuwa moja: amletee udongo wa pale mumewe alipolala, uzikwe pamoja na ule mgomba kabla yeye hajafa. Alisema hataki kulala kando ya mgomba.

Baba alikuwa akitafuta kaburi miaka yote hiyo na kuziita safari hizo matembezi. Hakuna aliyeweza kumwonyesha, naye hakutaka kumpelekea mama yake udongo wa kubahatisha.

Mwaka juzi nyanya aliugua, na baba akaamua kubahatisha. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, sina kazi, na kila alichosema mtu nilimuuliza amejuaje. Tulienda sote wanne. Mlinzi wa pale, mzee wa Kimaasai, alitusalimu sopa, baba akamweleza shida yake, naye akamwacha apite. Nyuma ya stesheni baba alivua kofia, akapiga magoti, akafungua kitambaa cheupe. Akaongea na babake kwa Kibukusu, sauti ya chini, kwamba tumekuja kumchukua, ainuke twende nyumbani. Sikuwahi kumsikia akimwita mtu yeyote baba.

Nami nikaona rangi. Pale Kajiado ardhi ni ya kijivu, ina chokaa. Udongo aliokuwa akichota ulikuwa mwekundu. Nilimwendea mlinzi nikamuuliza. Alisema ulimwagwa na lori mwaka uliopita ili magari yapate pa kuegeshwa, hakujua ulikotolewa. Ningeweza kukaa na jibu hilo. Nilirudi nalo.

“Baba, hiyo ni marram ya barabarani. Imeletwa na lori.”

Mama aliniambia ninyamaze. Baba hakuinuka. Aliuliza udongo wenyewe uko chini kiasi gani, nikasema sijui. Akauliza kama najua kaburi liko upande gani, nikasema hata hatujui kama kaburi lipo, yule mwenzake wa kazi tumemsikia kwa kusimuliwa tu. Nilisema hivyo nikiwa nimesimama, yeye akiwa amepiga magoti.

Alikunjua kitambaa akaumwaga ule udongo polepole, akakikung'uta. Kisha ikambidi aseme na babake tena. Sikusikia alichomwambia.

“Umefurahi sasa, profesa?” dada yangu aliniuliza garini.

Nyanya alifariki kabla ya Krismasi. Alizikwa pale alipokataa, kando ya mgomba. Kabla jeneza halijashushwa, shemeji yake mkongwe alimuuliza baba mbele ya watu kama ameleta udongo. Nilijiandaa kutajwa. Ningejitetea; nilikuwa hata na maneno.

“Sikupata,” baba alisema.

Mzee akamgeuzia mgongo. Tangu siku hiyo wazee wa ukoo wanamsalimu baba kama mtu aliyeshindwa na kazi moja, naye anapokea salamu hizo bila kusema ni nani aliyemzuia.

Bado siamini kwamba konzi la marram lingekuwa babu. Lakini nyanya asingeuliza habari za lori. Angelipokea kwa mikono miwili, na sijui hadi leo ni nani angeumizwa na hilo isipokuwa mimi.

Mwezi uliopita nilimkuta baba sebuleni akisahihisha madaftari. Nilimwambia twende Kajiado na jembe, tuombe ruhusa, tuondoe ile marram tufike kwenye ardhi yenyewe. Alimaliza daftari alilokuwa nalo, akachukua jingine.

“Tumpelekee nani?” aliniuliza.