Darasa Lililosoma Ubao Mtupu

Citoyenne Nyota hakuwa mpole, na atakayekwambia alikuwa mpole hakukaa darasani mwake. Jina lake la ubatizo, Berthe, lilikuwa limepigwa marufuku na serikali pamoja na tai za Kizungu, kwa hiyo mwaka ule wa sabini na sita, hapa Kisangani, alikuwa Citoyenne Nyota tu, yaani Raia Nyota, mwalimu wetu wa Kiingereza katika sekondari.

Siku moja alituandikia habari ubaoni kwa kipande cha muhogo mkavu, maana chaki ilikwisha zamani. Tukaisoma darasa zima kwa sauti moja, tukairudia na kuirudia. Halafu, katikati ya kusoma, akafuta ubao. Sisi tukaendelea kusoma! Tulimaliza habari yote tukiukazia macho ubao mtupu. Abdulhamid, mtoto wa fundi cherehani (sisi kwa sisi majina yaliyokatazwa hatukuyaacha), alikuwa bado anafuata mistari kwa kidole hewani.

"Muko nasoma nini?" Nyota akauliza.

"Tuko nasoma tableau, Citoyenne."

"Tableau gani? Shetani njo anaandika pale?"

Msitucheke. Kila asubuhi uwanjani tulichezeshwa ngoma na nyimbo za kukisifu Chama, na aliyepotea hatua moja alichapwa. Tulikuwa tumejifunza kwamba usalama ni kwenda sambamba na wenzako, tukalipeleka funzo hilo mpaka kwenye Kiingereza. Herufi hatukuziangalia hata kidogo.

Mkuu wa shule, yaani préfet, Citoyen Kasongo, hakuona tatizo. Mkaguzi alikuwa karibu kufika, na kila mwaka darasa lilimkariria mkaguzi habari ileile, akapiga makofi, akala kuku, akaenda zake. Nyota alipomwambia kwamba safari hii hatutakariri, mkuu alipandisha sauti hadi tukamsikia, maana darasa letu lilipakana na ofisi yake.

"Bon. Batoto bakikwama mbele ya inspecteur, weye utaenda kufundisha kule pori, Bengamisa. Na mama yako, sijue nani atamupeleka hospitali."

Mama yake Nyota alikuwa hawezi kutembea, na matibabu yake yote yalikuwa hapa mjini. Hawakuwa na mtu mwingine. Tulimwona mwalimu akitoka ofisini, nikasema moyoni: yamekwisha, atatukaririsha. Mimi ningefanya hivyo mara moja.

Hakutukaririsha. Kesho yake aliingia bila salamu, akaandika sentensi moja ambayo hatujawahi kuisikia, akaketi. Hakuisoma. Tulingoja atuanzishie, wapi! Mwisho Félicité, msichana mwenye haya kuliko sote, akainuka akaenda kufungua dirisha. Ndivyo ubao ulivyoagiza. Nyota akampa andazi la moto, na kwa njaa tuliyokuwa nayo, sote tukaanza kuangalia herufi.

Tangu hapo kila siku ubao ulituamuru na mwalimu akanyamaza. Baadaye akatutaka tuandikiane amri sisi kwa sisi. Nilimwandikia Abdulhamid aketi karibu na meza, akaketi juu ya meza. Tulipotazama maandishi, kosa lilikuwa langu. Tulisoma polepole, kama mtu anayetoa miiba ya samaki mdomoni, kila mmoja kwa mwendo wake. Ilikuwa inatisha kusoma peke yako.

Mkaguzi akaja, mzee mnene ndani ya abakosti ya kijivu, lile koti la serikali lisilovaliwa na tai. Kasongo alimkaribisha darasani huku akimtazama Nyota kwa jicho baya.

"Habajue kukariri, Citoyen Inspecteur," Nyota akasema. "Andika kitu unapenda."

Mzee akamtazama. Akachukua kipande cha muhogo, akafikiri, akaandika mistari mitatu, akaketi.

Tukaanza kusoma, herufi kwa herufi. Kasongo akaanza kujipangusa jasho shingoni. Nyota alisimama pembeni, vidole vyake vimekamatana nyuma ya mgongo. Nilimwonea huruma, lakini sikuwa na nafasi ya kumtazama; nilikuwa nimekwama kwenye mstari wa pili.

Félicité akaachia kicheko kidogo. Kisha Abdulhamid akaziba mdomo kwa kiganja. Nami nikafika: mzee alikuwa ameandika kwamba mama mkwe wake alimpikia samaki mkubwa wa mtoni kutoka Barumbu, kwamba paka alimla samaki mzima isipokuwa kichwa, na kwamba yeye alikila kichwa hicho huku akishukuru kwa adabu zote. Nikacheka kwa sauti. Kicheko kilitoka benchi hili, kikangoja, kikazuka benchi lile, kadiri kila mtu alivyofika mwisho wa mistari yake.

Kasongo, ambaye Kiingereza hakukijua, alituangalia kwa hofu. Akamwinamia mgeni.

"Pardon, Citoyen Inspecteur. Beko nacheka nini?"

Mzee alikuwa anafuta machozi ya kicheko.

"Beko nasoma, Citoyen Préfet."

Citoyenne Nyota akalia mbele yetu bila kujificha. Habari ya Bengamisa haikutajwa tena.