Msasa wa Baba Mwende

Hadi leo nikinusa spiriti, mwili hunisisimka. Ndiyo harufu waliyokuja nayo wahudumu wa afya wa jiji kukagua macho, ngozi na meno katika shule yetu ya Eastlands. Lakini haki ya Mungu, hatukuwaogopa wao. Tuliyemwogopa ni Mwalimu Rispa, ambaye siku mbili kabla alifanya ukaguzi wake mwenyewe, nyahunyo mkononi, ili wageni wasije wakaiona shule ni ya wachafu. Mimi, kiranja wa usafi wa darasa la tano, ndimi niliyemwandikia majina ya wachafu. Nilijiona mtu mkubwa, mjinga mimi!

Nikamwandika Mwende, rafiki yangu wa dawati moja, aliyekuwa ametoka Ukambani kuja kuishi na babake, mchonga vinyago. Meno yake yalikuwa ya kahawia, nami niliamini hasugui. Mwalimu alimlaza juu ya dawati akamcharaza mpaka sare ikachanika mgongoni. "Mchelea mwana kulia hulia yeye," alisema akihema, akamshushia nyingine. "Kesho kutwa yawe meupe, ama utanitambua!" Mwende hakumtazama mwalimu. Alinitazama mimi. "Kwani wewe si beste yangu?"

Siku ya ukaguzi daktari wa meno alimwambia afungue kinywa, damu ikatiririka hadi kwenye kola. Fizi zilikuwa zimechanika, meno ya mbele yamekwanguliwa. Jioni mbili mfululizo alikuwa ameyasugua kwa msasa wa babake, ule wa kulainishia twiga na vifaru vya mbao. Daktari alimgeukia mwalimu kwa hasira. "Huu si uchafu! Ni madini ya floraidi katika maji ya kisima cha kwao, aliyoyanywa tangu mdogo. Hata asugue vipi, hayabadiliki. Nani amemfanyia hivi?" Mwalimu Rispa alininyooshea kidole. "Aliandikwa na kiranja," akasema.

Siku hizi viboko vimepigwa marufuku shuleni. Binti yangu huleta fomu ya ukaguzi, naitia sahihi, na siku ikifika huondoka nyumbani akiimba. Mimi wivu hunishika, kisha aibu. Juzi tulimkuta Mwende sokoni Kariokor, anauza viatu vya ngozi. Tulikumbatiana, tukacheka, yeye kaziba mdomo kwa kiganja. Nilikuwa natafuta maneno ya kumwomba msamaha, binti yangu akanitangulia.

"Anti, mbona unaficha meno?"

Mwende alishusha mkono taratibu. "Muulize mamako," akasema. "Yeye ndiye alikuwa akituandika."