Nilivyomwanzishia Shemeji Juu

Jumamosi, 14 Juni. Baridi kali, upepo tangu alfajiri. Jua lipo lakini halisaidii.

Sina hakika kama naandika haya ili nijitetee. Nitajaribu nisijipendelee.

Mwalimu wa kwaya yetu alitusikilizisha kwenye simu wimbo wa opera, yaani ule mchezo unaoimbwa mwanzo hadi mwisho. Wanaume wawili, marafiki, wanaapa hawatagombana tena. Maneno hatuyaelewi, lakini siku ile nilishindwa hata kukaa. Sauti mbili zinakwenda kama maksai kwenye nira moja, hakuna anayemtangulia mwenzake. Mwalimu akatuandikia nota zake za do-re-mi, tuuimbe kwenye jubilei ya padri: mimi sauti ya tatu, shemeji yangu, kaka wa mke wangu, sauti ya nne, ile nzito ya chini.

Ila shemeji aliugua kifua masika yote. Leo mwalimu alitaka kumsikia kwanza. Akishindwa, nafasi yake anapewa mtumishi mmoja wa halmashauri aliyehamia kutoka Mbeya.

"Shemeji, usinikimbize," alininong'oneza mlangoni. "Kifua bado kibichi."

"Imba bwana, au unataka nikubebe mgongoni?"

Umeme ulikuwa umekatika, kinanda kimya. Kwetu bila kinanda, sauti ya tatu ndiyo inayotoa do ya kuanzia wote. Nikaitoa juu, pale sauti yangu inapopendeza. Tulipofika sehemu ya kupanda, sauti ya shemeji ikapasuka. Akakohoa, akajaribu, ikapasuka tena. Mwalimu akafunga daftari.

"Basi mzee, pumzika kwanza."

Shemeji akachukua koti lake. Nilimwacha mpaka alipoingiza mkono mmoja, ndipo nikasema, "Mwalimu, kosa ni langu. Nimeanzisha juu."

"Juu kiasi gani?"

"Juu sana."

Tukarudia chini. Haikuwa safi yote, pumzi ilimwishia mara mbili, ila pale pa kupanda tulipanda pamoja, mpaka nikashindwa kujua sauti ipi ni yangu.

"Mtaimba nyinyi," mwalimu akasema.

Nje, shemeji hakucheka. "Ulijua?"

Nilitaka kusema sikujua. "Nilihisi," nikamwambia. "Nikaipenda sauti yangu."

"Afadhali umesema mbele ya mwalimu." Akashika njia ya kwake Izia, ingawa siku za mazoezi huwa anakula kwetu.

Mke wangu aliuliza kaka yake yuko wapi, nikamweleza yote. Akaenda kupakua. Tumekula ugali wa ulezi na migebuka, samaki wa ziwani kutoka Wampembe, na umebaki mwingi.