Mnara Uliolia Zamu ya Kitwana

"Sema pole pole, Mama Sophia! Kuta hizi zina masikio," Kitwana alisema.

"Ziwe nayo! Zina haki ya kujua kuwa mtani wako Kasmir yuko polisi kwa kosa lako wewe."

Mkewe, Sitara, alikuwa ameketi kitandani, na chini ya kitanda hicho, chumbani mwao Mchafukoge, limefichwa debe la sukari. Miaka ile sukari ilikuwa adimu hivi kwamba ukikoroga chai Kariakoo, nzi wa Kigamboni wanapanda kivuko kuja kuuliza umeipata wapi. Na harusi ya binti yao Sophia ni Ijumaa.

Debe lile Kitwana alilipata kwa mvuke. Alikuwa mtunza mnara katika kiwanda cha spiriti ya hospitali. Mnara wenyewe mrefu, hata kunguru akitaka kutua kileleni hubeba kiporo cha njiani. Ndani yake zimepangwa sinia za chuma, moja juu ya nyingine, zina matundu kama chekeche. Spiriti hutanda juu ya sinia, na mvuke unaopanda kutoka chini huizuia isidondoke, huku ukiisafisha ngazi kwa ngazi. Mvuke ukilegea, spiriti huchuruzika matunduni, safi na chafu zikavurugana. Mafundi husema mnara unalia.

Basi mafuta ya boila linalotoa mvuke huo yakawa haba. Wakubwa wakatangaza shindano la kujitegemea: zamu itakayobana mafuta zaidi ndiyo itakayotangulia kwenye duka la ushirika la kiwanda. Kitwana, baba wa bi harusi, akapunguza mvuke kidogo, akapunguza tena. Mshale wa geji ukashuka. Ngurumo ya tumboni mwa mnara ikawa mkoromo wa paka. Alijua kinachokuja, na dawa aliijua: arudishe mvuke, au mnara usimamishwe, mafundi wazibe safu kadhaa za matundu ili mvuke huo mdogo upite kwa nguvu. Lakini kusimamisha mnara ni kushindwa shindano. Akanyamaza, zamu yake ikashinda, akarudi nyumbani na debe la sukari.

Spiriti ikatoka dhaifu. Mnara hakuna aliyeutazama. Wakamtazama Kasmir, mlinzi wa tangi: wakadai kaiba spiriti, kajazia maji. Na msako wa wahujumu uchumi ulikuwa umepamba moto.

"Watamwachia," Kitwana alisema. "Mngoni yule atawachekesha askari mpaka wamfungulie wenyewe."

"Unacheka?"

"Sicheki. Nikienda nitawekwa ndani mimi. Nani ataoa binti wa mhujumu?"

"Mama yako alipokufa, Jangwani nzima iko majini, nani alivuka maji yakimfika kifuani? Nani alijilaza kaburini akadai jogoo kwanza ndipo atoke, mpaka ukacheka siku ya msiba wako?"

Kitwana alishika kichwa. Aliyefanya hayo ni Kasmir, na jogoo mwenyewe alimrudisha jioni ile ile, kapikwa, aliwe na wafiwa.

"Niliusikia ukilia, Mama Sophia," alisema. "Niliusikia kwa masikio yangu. Hata sasa nausikia."

"Basi kawaambie unachosikia."

"Baada ya Ijumaa."

"Ijumaa mwenzio atakuwa wapi?"

"Hodi humu!" Evarista, mke wa Kasmir, akaingia bila kungoja karibu, kama mtani anavyoruhusiwa. Mkononi kashika bakuli lililofunikwa kitambaa. Macho yamemvimba kwa kulia, ila mdomo haujasahau utani. "Nyie Wazaramo, mbona mmenuna kama mliomeza pweza mbichi? Nina uji wa Kasmir, hauna hata chembe ya sukari. Nipeni kidogo. Nawe shemeji, polisi wanataka mtu wa zamu ile aje amsemee. Nimewaambia yupo, mtani wake."

Sitara akainama, akalivuta debe kutoka uvunguni, akalitua miguuni pa mumewe.