Kisigino cha Wifi

Mimi ni fundi viatu, na msituni wananiita Kupe. Jina hilo alinipa wifi yangu mwenyewe, dada wa mume wangu, na silikatai, nimelifanyia kazi. Katika mbio zetu ndefu kila mtu hupewa ramani na dira, atafute vituo porini kwa akili yake. Akili yangu mimi ilikuwa mgongo wa wifi. Miaka sita nimekimbia nyuma yake, ramani nimeikunja mfukoni. Waamuzi wamenionya mpaka wamechoka.

Siku ile, tulipokipita kituo cha tisa, mgongo ukatoweka. Nikasikia kishindo, kisha wifi akiniita kwa jina langu la nyumbani. Hapo ndipo nilipoogopa. Nilimkuta chini korongoni, mguu umepinda vibaya, paja linavuja damu. Nikalifunga kwa kitambaa changu cha kichwa. Tulipiga filimbi, hakuna aliyejibu.

"Rudi kituo cha tisa, kuna mtu wa huduma ya kwanza," alisema. "Toa ramani. Tuko hapa, kituo kile pale. Umeelewa?"

Niliikunjua, nikaona mistari tu. "Sijaelewa, wifi."

"Si umepita njia hiyo hiyo sasa hivi?"

"Nilikuwa nakutazama wewe."

Alifumba macho. Midomo yake ilikuwa imepauka. "Basi fanya haraka," alisema.

Nilipopanda juu, kila mti ulifanana na mwenzake. Niliogopa kupotea, niliogopa zaidi kwamba atakufa peke yake huku mimi nazunguka kama kuku. Nikainama kushika magoti, na pale kwenye udongo nikaiona alama ya kazi yangu: kisigino cha kiatu cha kushoto cha wifi, kipande cha tairi nilichokipigilia wiki iliyopita, misumari minne, mmoja umekaa upande. Nilijilaumu sana kwa msumari ule. Sasa nilitamani kuubusu.

Nikaanza kurudi unyayo kwa unyayo. Matone ya mvua yakaanza. Nikajua nyayo zitafutika na sitaweza kumrudia, basi nikaitoa ramani nikaichana. Kila hatua chache nilichomeka kipande kwenye kijiti. Kwenye mawe nyayo zilipotea, nikazunguka nikilia kwa sauti mpaka nikauona ule msumari tena.

Kituoni nilikuta wanaume watatu na machela. "Yuko wapi?" wakauliza. Nikashindwa kueleza, nikawaonyesha kwa mkono. "Tangulia basi," mmoja akasema.

Mvua ilikuwa imeshika. Nyayo hakuna, vikaratasi tu vimelowa vijitini, na nyuma yangu pumzi za watu watatu. Kila walipopumua nilihisi wananisukuma. Kikaratasi cha mwisho kilikuwa ukingoni mwa korongo. Niliogopa kuchungulia.

Wifi alifumbua jicho moja. Aliwatazama wale watu, akanitazama mimi.

"Nani kawaleta?"

"Tumemfuata huyu dada," akajibu mwenye machela.

"Mmemfuata Kupe?"

Nikacheka, halafu nikakaa kwenye matope nimeushika mkono wake, na sikuuachia mpaka hospitali.