Mama mkwe wangu mfinyanzi na mabenchi ya kanisa, mwaka barafu ilipoanguka Ibaba

Wakuu, salaam kwenu. Kama humu yupo wa kunizidi umri, shikamoo yake.

Mimi ni bibi wa Ileje, nimevuka tisini. Nasimulia, mjukuu anachapa kwenye simu. Juzi mtu aliuliza humu afanyeje viti vyake vya bustani visiharibike kipindi cha baridi kali, mkamwambia anunue turubai avifunge vizuri. Nimeshindwa kunyamaza. Haya yalinipata mwenyewe, na siongezi chumvi.

Ilikuwa enzi za Mwingereza. Nilikuwa nimeolewa hata mwaka sijamaliza, huku milimani Ibaba. Mume wangu Asajile alikuwa fundi seremala.

Kanisa letu halikuwa na jengo. Tulisali nje, tumekaa kwenye nyasi. Asajile akajitolea kutengeneza mabenchi kumi na sita, marefu, ya kukaa watu wanane wanane. Mbao tulizibeba kichwani kutoka bondeni, sisi wanawake. Shingo yangu haijasahau mpaka leo.

Amemaliza tu, baridi ikaingia. Wiki hiyohiyo ikaja habari kwamba kaka yake ameangukiwa na mwamba migodini, kule Rhodesia. Asajile akafunga mzigo kwenda Tunduma ili avuke.

Mlangoni akaniambia, "Mbao za mabenchi bado mbichi. Usiache yaharibike."

Namna ya kuyatunza hakusema. Na mimi, mke mgeni, nikaona aibu kuuliza.

Miezi ya baridi tulikuwa tunasali majumbani kwa vikundi, kwa hiyo mabenchi yangebaki nje kwenye ukungu na manyunyu mpaka jua lirudi.

Akaja Mzee Ambakisye, mzee wa kanisa. Akasema yaingie ndani, karibu na moto, yakauke upesi.

Mama mkwe wangu alikuwa mfinyanzi. Alikuwa amekaa pale na udongo wake mikononi, hata kichwa hakuinua.

"Mzee, chungu kibichi ukikisogeza motoni kinakuwaje?"

"Kinapasuka."

"Haya."

Mzee akacheka. "Mama, hivi si vyungu!" Nyumba yake ndiyo pekee yenye mlango mpana, akachukua mabenchi sita, ndiyo yaliyoenea ndani. Kumi yakabaki kwetu.

Wakuu, hapo ndipo nilipoanza kumtazama yule mama kwa jicho lingine.

Alinituma mawe bapa, tukaweka moja chini ya kila mguu wa benchi, majivu tukayamwaga kuzunguka kuzuia mchwa. Akayeyusha nta ya nyuki na mafuta ya nyonyo, akaniambia nipake, hasa kwenye ncha za mbao.

"Chungu huanza kupasuka mdomoni," akasema. "Ubao nao mdomo wake uko huku mwisho."

Tukayapanga yakipandana, katikati vijiti ili hewa ipite. Juu tukaezeka nyasi, paa la kuteremka sana. Upande wa upepo tukakinga kwa nyasi, upande wa pili ukabaki wazi. Nikamuuliza mbona hatufungi kote. Akasema kitu kibichi ukikifunga kinatoka jasho, halafu kinaoza.

Baada ya siku kadhaa likaja lile jambo.

Nimeamka alfajiri, nafungua mlango, mlima wote mweupe! Nyasi, mawe, mgomba, vyote vimevaa weupe kama unga. Nilikanyaga chini, majani yakavunjika chini ya unyayo. Viazi vyetu vilikuwa vimeungua vyeusi. Wazee wenyewe walisimama nje wakitazama.

Nikakimbilia mabenchi nikilia.

Nyasi za juu zilikuwa zimeganda. Nikaingiza mkono chini yake. Pakavu. Mama mkwe akaja nyuma yangu, akagonga benchi kwa kifundo cha kidole, kama anavyogonga chungu kujua kama ni kizima. Likaitika vizuri. Akagonga yote kumi. Moja tu lilikuwa na ufa, na niliijua sababu: ncha yake nilikuwa nimeiruka kwa uvivu. Sikumwambia. Nadhani alijua.

Kwa Mzee Ambakisye, wakiwa wanakula kando ya moto, benchi moja lililia paa! kama bunduki, likapasuka mwanzo mpaka mwisho. Mengine mawili yakajikunja. Alikuja mwenyewe kusema. Mama mkwe hakumcheka, alisema tu, "Lete yaliyobaki."

Asajile alirudi baridi ikiisha. Kaka yake alipona, ila akawa anachechemea. Asajile akapitisha kiganja kwenye zile ncha, akanusa nta.

"Nani amekufundisha?"

Nikamwonyesha kwa kidevu. Akaenda akakaa chini kando ya mama yake, kwenye udongo.

"Mama, miaka yote hii mbona hukuniambia?"

"Wewe ulijifunza kwa fundi wa misheni," akasema. "Nilidhani mbao za kizungu zina sheria zake."

 Tangu siku hiyo Asajile hakupiga randa ubao kabla hajampelekea mama yake. Mama alikuwa analaza shavu juu yake, anafumba macho, kisha anasema, "Bado una maji." Na kweli ungekuwa na maji.

Basi ndugu mwenye viti vya bustani: vinyanyue toka chini, paka ncha, kinga juu, acha vipumue. Turubai usilifunge kote.

Na kabla ya kwenda dukani, angalia nyumbani kwako nani anajua jambo na hajawahi kuulizwa. Nyie kwenu alikuwa nani? Andikeni, mjukuu atanisomea.